Ajali ng'ambo ya mto: wakili yupi, sheria ipi, na nani anamlipa?

Swali: "Ninaishi Louisville, Kentucky, na watoto wangu wanne. Nimetoka Bukavu, huu ni mwaka wa tano niko Marekani. Wiki tatu zilizopita, nikienda kazini usiku kwenye ghala moja la Jeffersonville, Indiana, dereva alipita taa nyekundu akanigonga ubavuni. Bega na mgongo vinaniuma mpaka leo. Hospitali imenitumia bili ya dola 11,800. Bima ya yule dereva imenipigia mara tatu, wanasema watanipa dola 4,500 nikisaini. Tena siku ya pili tu baada ya ajali, mtu tunayefahamiana alinipigia akasema ana avoka wa bure, nisaini haraka kwenye simu. Nimekuja kusikia huyo avoka ofisi yake iko Texas. Je, ni bure kweli? Lazima awe wa hapa? Na kesi hii haitaharibu karatasi zangu za uhamiaji?"

Jibu: Pole sana, dada yangu, na tumshukuru Mungu kwamba umeweza kuandika mwenyewe. Kabla ya maswali yako matatu, kuna karatasi mbili ambazo naomba ziendelee kukaa bila saini yako: ile ya bima na ile ya kwenye simu.

Ya bima ndiyo ya hatari zaidi. Ni hati ya kufuta madai. Ukishaisaini, jambo limekwisha, hata kama mwezi ujao kipimo kitaonyesha kwamba diski ya mgongo imehama na unahitaji upasuaji. Piga hesabu mwenyewe: hospitali inadai 11,800, wao wanatoa 4,500. Ukikubali utakuwa umegongwa, na bado una deni la dola 7,300. Mtu wa bima anayekupigia kwa sauti ya upole anafanya kazi yake, na kazi yake ni kuifunga faili hiyo kwa bei ndogo kabla hujajua umeumia kiasi gani. Hulazimiki kumpa maelezo ya kurekodiwa. Bima yako mwenyewe ni habari nyingine: hiyo una mkataba nayo, lazima uiarifu ajali na ushirikiane nayo.

Hapo kuna jambo dogo la lugha ambalo nimeliona likiwaumiza watu wetu. Ukimwona mtu ametoka kwenye gari lililobondeka, kinywa chako kitasema "pole" kabla hujafikiri. Kwetu hiyo ni huruma, hata jiwe likimwangukia mtu tunamwambia pole. Lakini mkalimani wa haraka, au mwanao wa miaka kumi na miwili, ataligeuza neno hilo kuwa Kiingereza, na kwa Kiingereza litasikika kama mtu anayeomba radhi kwa kosa lake. Likishaingia kwenye rekodi, kulitoa ni kazi. Kwa hiyo simu za bima ya yule dereva zijibiwe kwa sentensi moja: nitazungumza nikishapata wakili.

Sasa tuje kwenye mto, huo Ohio unaotenganisha Louisville na Jeffersonville.

Wewe unalala Kentucky na umegongwa Indiana. Kwa macho ni daraja moja tu, na najua wengi wenu mnapita lile kongwe la Clark Memorial ili msilipe ada ya madaraja mapya. Kwa sheria, hata hivyo, umevuka mpaka. Marekani ina katiba moja na serikali moja ya shirikisho, lakini sheria za ajali, talaka, mirathi, nyumba za kupanga na madeni zinatungwa na kila jimbo kivyake. Majimbo 50 ni kama nchi 50 zilizokubaliana kutumia dola moja. Kwa ajali ya barabarani, mahali pa kuanzia ni kuuliza magari yaligongana wapi na huyo wa kushtakiwa anaishi wapi. Kama yule dereva ni mkazi wa Indiana, kesi yako kwa kawaida itafunguliwa Indiana, kwa sheria za Indiana. Zipo hali ambapo mahakama ya Kentucky inaweza kuipokea kesi na kutumia sheria ya kwao, lakini huo ni uamuzi wa wakili aliyeisoma ripoti ya polisi. Usiutegemee.

Tofauti hii ina uzito gani? Tuanze na muda. Indiana inakupa miaka 2 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya kuumia mwili. Ikipita hata siku moja, mahakama inaifuta, uwe na haki kiasi gani. Kentucky nayo ni miaka 2 kwa ajali za magari, ila huko kuna nafuu: muda unaweza kuhesabiwa tangu malipo ya mwisho ya ile sehemu ya bima iitwayo PIP, ambayo nitaieleza baadaye. Watu wa Louisville wanaijua nafuu hiyo, wanaelezana kanisani na saluni, halafu mtu aliyegongwa ng'ambo anaibeba hadi Indiana ambako haipo. Wewe hesabu miaka 2 kutoka usiku ule, na wala usiikaribie. Na usimsikilize binamu aliyeko jimbo jingine. Tennessee, jirani wa Kentucky upande wa kusini, ni mwaka 1 tu. Maine ni miaka 6. Florida ilikuwa 4, mwaka 2023 wakaipunguza hadi 2. Louisiana ilikuwa 1, wakaipandisha kuwa 2 kwa ajali za kuanzia Julai 2024. Hata ndani ya Kentucky, anayeteleza dukani ana mwaka 1, anayegongwa na gari ana 2.

Jambo moja la haraka: soma ripoti ya polisi uone gari lililokugonga ni la nani. Likiwa la mtu binafsi, sawa. Likiwa la mji au kaunti ya Indiana, unatakiwa kupeleka notisi ya maandishi ndani ya siku 180. Likiwa la serikali ya jimbo, siku 270. Watu wenye kesi nzuri kabisa wamezipoteza kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba lori la taka lilikuwa la manispaa.

Tofauti ya pili ni ya lawama. Bima ya yule dereva haitasema hana kosa. Taa ilikuwa nyekundu na pengine kamera ipo. Watasema na wewe ulikuwa unakimbia, au uliangalia simu, au hukuwasha taa. Wanatafuta asilimia. Chukua mfano wa hasara ya dola 40,000. Ukionekana una kosa la asilimia 30, Indiana na Kentucky zote zitakupa 28,000. Ukionekana una asilimia 55, Kentucky bado inakupa 18,000, lakini Indiana hupati hata senti, maana huko ukizidi asilimia 50 umefungiwa mlango. Na usione Indiana ni kali peke yake. Virginia, Maryland, North Carolina na Alabama bado zinashika kanuni ya zamani ambayo kosa lako dogo tu linatosha kukunyima kila kitu. Sasa unaona kwa nini lile "pole" linanisumbua.

Kuhusu bili ya hospitali, nina habari ambayo huenda ikakupunguzia wasiwasi. Toa karatasi ya bima ya gari lako mwenyewe, ile yenye orodha ya kiasi na majina, utafute herufi PIP. Kentucky inaweka kwenye bima ya kawaida ya gari ulinzi wa dola 10,000 kwa kila mtu kwa matibabu na mshahara uliopotea, bila kuuliza nani ana makosa, isipokuwa kama uliikataa kwa maandishi. Ulinzi huo unakufuata hata ukigongwa Indiana, Ohio au Kanada. Mshahara una kikomo cha dola 200 kwa wiki, ni kidogo, lakini kodi ya nyumba haisubiri kesi. Kwa hiyo hospitali iambiwe leo: kuna PIP, hii hapa namba ya madai. Kila mwaka bili zinaangukia mikononi mwa wakusanya madeni huku hizo 10,000 zimelala, kwa sababu hospitali ilikuwa na jina la bima ya upande wa pili tu, na ile inasubiri mwisho.

Je, wakili ni bure? Hapana. Anakukopesha kazi yake, na atajilipa kutoka kwenye fedha zako zikipatikana. Hili nalieleza kwa uangalifu kwa sababu mimi nilianza uwakili Mombasa, na kwetu huko mpango huu ni haramu. Sheria ya Mawakili ya Kenya, kifungu cha 46, inabatilisha makubaliano ya wakili kulipwa iwapo tu kesi itashinda. Kule pia mshindwa kwa kawaida hubebeshwa gharama za mshindi. Hapa Marekani kila mtu hubeba wakili wake, ashinde ashindwe, isipokuwa sheria maalumu iseme vinginevyo. Ndiyo maana malipo ya asilimia yakakubalika: bila hayo, mfanyakazi wa ghala asingeweza kamwe kuishtaki kampuni ya bima.

Asilimia iliyozoeleka kwa ajali ni theluthi moja kesi ikimalizika kwa makubaliano kabla ya kufunguliwa mahakamani, na mara nyingi 40 ikishafunguliwa au ikifika kwenye kusikilizwa. Si namba takatifu, inazungumzika. Kanuni za mawakili zinataka mkataba wa namna hii uandikwe, usainiwe na wewe, na useme wazi asilimia kwa kila hatua. Zinamtaka pia akueleze gharama zipi zitakatwa, zitakatwa kabla au baada ya kupiga asilimia yake, na zipi utadaiwa hata ukishindwa. Mkataba usio na mambo hayo, mrudishie.

Ada na gharama ni vitu viwili. Ada ni jasho la wakili. Gharama ni karatasi za hospitali, ada ya mahakama, mpiga chapa wa mahojiano ya kiapo, daktari wa kutoa ushahidi, mkalimani. Daktari mmoja wa kutoa ushahidi anaweza kumeza maelfu ya dola. Tuchukue mfano unaofanana na wako. Indiana humtaka dereva awe na bima ya angalau dola 25,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, na madereva wengi wana hiyo hiyo ya chini. Tuseme bima imekubali kutoa 25,000 zote bila kesi kufunguliwa. Theluthi ya wakili ni 8,333. Gharama, tuseme 900. Halafu hospitali, Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au bima ya afya iliyokulipia inarudi kudai ilichotoa, tuseme 7,000. Mkononi mwako zinabaki 8,767. Kama mkataba ulisema asilimia 40 tangu mwanzo, unabaki na 7,100. Kama gharama zinatolewa kwanza ndipo theluthi ipigwe, wakili anachukua 8,033 na wewe unaongeza 300. Dola 300 ni viatu vya shule vya watoto wanne, kwa hiyo uliza.

Angalia tena ile 7,000 ya katikati. Hapo ndipo wakili mzuri na mbaya hutengana, na watu hawapajui. Hospitali yenye dai juu ya fidia, Medicaid na bima za afya mara nyingi hukubali kupunguza, lakini lazima mtu akae na simu, aandike barua, abishane. Wakili wa haraka haraka atalipa deni lote kama lilivyo ili faili lifungwe. Muulize siku ya kwanza: unapunguza madeni ya matibabu, na kazi hiyo unanitoza zaidi? Jibu litakuambia mengi kumhusu.

Kwa kesi nyingine hesabu ni tofauti kabisa. Asilimia hairuhusiwi kwenye kesi za jinai, wala kwenye talaka. Talaka hulipwa kwa saa, na saa hukatwa vipande vya dakika sita sita: kwa wakili wa dola 300 kwa saa, simu fupi ya "nilitaka tu kujua" ni dola 30. Anakuomba amana mwanzoni, anaiweka kwenye akaunti ya wateja na kukata kidogo kidogo kadiri anavyofanya kazi. Kesi ya jinai au ya uhamiaji mara nyingi ni bei moja iliyokubaliwa. Na mtu akishtakiwa kwa kosa linaloweza kumpeleka jela, akiwa hana uwezo, mahakama inampa wakili wa utetezi anayelipwa na serikali. Hiyo ni haki iliyotokana na uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1963.

Kitu kimoja usimpe wakili theluthi yake: bodi ya gari. Dai la gari linaweza kulipwa peke yake, ukihakikisha karatasi unayosaini inataja gari tu na haigusi mwili. Wakibisha, mahakama ya madai madogo ya Indiana inapokea hadi dola 10,000 na unaweza kujisimamia. Kwa Kentucky kikomo ni 2,500 tu, na hapo kwa mara moja kugongwa ng'ambo kunakufaa.

Sasa yule wa Texas, na aliyekuletea.

Mtu anayempigia simu aliyeumia siku ya pili, kabla hata maumivu hayajatulia, mimi namwita dalali wa kesi. Inawezekana ana nia njema. Inawezekana zaidi kwamba analipwa kwa kila kichwa. Kanuni za mawakili zinamkataza wakili kumfuata mtu asiyemfahamu kwa simu au ana kwa ana kutafuta kazi, na zinamkataza kumtuma mwingine au kumlipa kamisheni kwa kuleta mteja. Huko Florida hata barua haziruhusiwi kwa aliyeumia hadi siku 30 zipite, na Mahakama Kuu ya Marekani iliikubali sheria hiyo mwaka 1995. Kwa hiyo swali langu ni hili: wakili aliyevunja sheria ili akupate, akishakupata atazishika sheria zipi? Kama alikutajia na kliniki ya kwenda mara tatu kwa wiki, kimbia zaidi. Bili za kliniki hizo zinatoka kwenye fidia yako.

Ofisi yake kuwa Texas si kosa peke yake. Leseni ya uwakili hutolewa na jimbo, na mwenye ya Texas hawezi kusimama kwenye mahakama ya Indiana bila leseni ya Indiana, au bila ruhusa ya jaji ya kesi hiyo moja akiwa na wakili wa Indiana pembeni yake. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba anakusainisha, anaipeleka kesi kwa mwenzake wa huku, na wanagawana ada. Kugawana kunaruhusiwa ukiambiwa na ukikubali kwa maandishi, na jumla isiwe ya kupita kiasi. Lakini sasa una mtu wa katikati ambaye hajui barabara ile, hajui jaji, hajui hospitali ya huku hupunguza deni kiasi gani. Mimi nisingempa.

Unayemtaka ni wakili wa ajali mwenye leseni ya Indiana, na ikiwezekana ya Kentucky pia. Kwa Louisville hilo si gumu, wengi wana zote mbili kwa sababu ya mto huo huo. Hakikisha mwenyewe, usiamini bango la barabarani. Kwa Kentucky, tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kentucky, ambako uanachama ni lazima. Kwa Indiana chama cha mawakili ni cha hiari, hivyo usitafute huko. Orodha rasmi inatunzwa na Mahakama Kuu ya Indiana na iko wazi mtandaoni bure. Angalia kama leseni iko hai na kama amewahi kuadhibiwa. Dakika tano.

Mazungumzo ya kwanza na mawakili wa ajali kwa kawaida hayalipiwi. Ongea na wawili au watatu kabla ya kuchagua, hakuna atakayenuna. Waulize nani hasa atashika faili lako, yeye au msaidizi, na mara ya mwisho alipofungua kesi mahakama ya Clark County, kaunti ya Jeffersonville, ilikuwa lini. Wapo wanaomaliza kila kesi kwa simu bila kukanyaga mahakamani, na kampuni za bima zinawajua kwa majina. Uliza mkalimani atalipwa na nani. Na umwambie unataka mkalimani wa Kiswahili cha Kivu, kile cha kwenu Bukavu. Nimemwona mkalimani hodari wa Dar es Salaam akikwama pale shahidi aliposema "asiransi" (bima) na "avoka" (wakili), na wakili wa upande wa pili akatabasamu. Usiende na mtoto wako kama mkalimani, wala na mchungaji kama msikilizaji: siri kati yako na wakili inalindwa na sheria, lakini mgeni asiyehitajika akiwa chumbani ulinzi huo unaweza kuvuja.

Ukishamwajiri, kuna mambo yanabaki mikononi mwako. Kukubali au kukataa kiasi cha fidia ni uamuzi wako, si wake. Unaweza kumfukuza wakati wowote. Atadai malipo ya kazi aliyokwisha kufanya, na hayo kwa kawaida hutoka kwenye fidia mwishoni, kwa hiyo usibadilishe kwa hasira ya wiki moja. Hundi ya bima ikifika, inaingia kwenye akaunti ya amana ya wateja, kisha lazima akupe karatasi inayoonyesha kila dola ilikokwenda. Usimwombe kodi ya nyumba: mawakili wa Kentucky na Indiana kwa kawaida hawaruhusiwi kumkopesha mteja fedha za kuishi wakati kesi inaendelea. Atakayejitokeza kukukopesha ni kampuni ya mikopo ya kesi, na riba zake zinaweza kula kilichobaki chote.

Tena jambo ambalo wakili wa mbali angelipita bila kuliona. Kama 25,000 za yule dereva hazitoshi, kwenye bima yako ya Kentucky huenda kuna sehemu inayokulinda dhidi ya dereva mwenye bima pungufu. Iangalie kwenye karatasi ile ile ya PIP. Lakini kabla ya kuzikubali hizo 25,000, lazima bima yako iarifiwe kwa maandishi na ipewe siku 30 za kuamua. Ukisaini kwanza ndipo uarifu, umejifungia mlango wa pili kwa mkono wako.

Swali lako la mwisho, la karatasi. Kudai fidia kwa aliyekugonga ni kesi ya madai. Si jinai, haiingii kwenye faili lako la uhamiaji kama doa, na wala si msaada wa serikali. Uhamiaji ni sheria ya shirikisho, moja nchi nzima, ndiyo maana kwa jambo hilo, na hilo tu, wakili wa Texas angeweza kukusaidia ukiwa Kentucky. Ikiwa ulikuja kama mkimbizi, hata kile kipimo cha kuwa mzigo kwa serikali hakikuhusu. Kitu cha kuangalia ni kwingine: fidia ya kuumia mwili hailipiwi kodi ya mapato ya shirikisho, lakini kama nyumbani kuna mtu anapokea SSI, msaada wa serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, ambayo ina kikomo cha mali cha dola 2,000 kwa mtu mmoja, au mnapokea msaada wa chakula, mwambie wakili kabla hundi haijatoka. Baada ya hapo ni kuchelewa. Na kama ulipewa tiketi na polisi usiku ule, mwonyeshe pia. Hiyo ndiyo karatasi pekee katika hadithi yako ambayo ningependa wakili wa uhamiaji aione.

Siwezi kuwa wakili wako kupitia barua hii, ila naweza kukuambia simu ya kesho uianze vipi. Mtu atakayepokea atakuuliza umeumia wapi mwilini. Wewe kabla ya bega na mgongo sema: ninaishi Kentucky, nimegongwa Indiana, nina bima ya Kentucky, sijasaini kitu. Akikuhamisha kwa mtu anayeuliza swali la pili kuhusu PIP, uko mahali pazuri. Chukua ripoti ya polisi, karatasi ya bima yako, bili zote, picha za gari, barua za bima yao, hati za mshahara za miezi mitatu, na jina la yule aliyekupigia siku ya pili. Hilo la mwisho wakili wako atataka kulisikia.